Daktari Akitoa Simu Mbele Yako, Anafungua Nini?

Mwishoni mwa Shaaban mama alirudi kliniki ya sukari amenuna. Alivua buibui, akaketi kwenye mkeka, chai akaisukuma kando.

"Daktari mwenyewe mtoto," alisema. "Namuuliza nifunge au nisifunge, anatoa simu! Mie nangojea jibu, yeye anachezea simu. Si bora ningebaki nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu?"

Dada yangu naye ni daktari, huku huku Pemba, na siku ile alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akatoa kichwa jikoni. "Mama, hata mie huwa natoa."

Mama akamtazama kama mtu aliyekiri wizi.

Lawama kama ya mama nimeisikia kwenye baraza za Chake Chake na ndani ya gari ya Wete: madaktari wa siku hizi hawakusoma, wanauliza Google. Na upande wa pili yupo mwenye bando anayejiona nusu daktari, kwa kuwa Google ni ile ile. Wote wawili wanadhani simu ina kitu kimoja ndani. Mie si daktari. Natengeneza simu na kompyuta, na kwa miaka kadhaa nimekuwa fundi wa bure wa dada yangu: namfungulia akaunti, nampakulia miongozo, namrudishia nywila anazosahau. Kwa hiyo dawa sizijui, lakini milango anayopita naijua.

Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa. Tovuti ni mahali. Ina mwenyewe, ina anwani, na kuna mtu aliyeamua kiwekwe nini na kiondolewe nini. Google si mahali pa namna hiyo. Ni mtambo wa kutafutia. Umfikirie dalali wa Darajani. Unashuka gari, unasema unataka kitambaa, anakushika mkono anakupeleka. Yeye kitambaa hauzi, wala hajui kama kitachuja ukikifua. Tena yapo maduka yanayomlipa ili wateja wapite kwao kwanza. Mtu anayeandika "kichwa kinauma upande mmoja" na daktari aliyeandika anwani ya tovuti anayoijua wote wameinamia kioo, ila mmoja kashikwa mkono na dalali, mwingine anakwenda kwa muuzaji wake wa siku zote.

Turudi kwa mama. Nilimuuliza kijana yule alimwuliza nini wakati anabonyeza simu. Kumbe alimwuliza mengi: sukari umeanza lini, unapiga sindano au unameza vidonge, imewahi kushuka mpaka ukazimia, figo zimepimwa, kazi gani unafanya, mwaka jana ulifunga ukapata taabu? Dada akacheka. "Mama, alikuwa anakujumlishia alama."

Kipo kikokotoo cha saumu. Najua neno hilo limechafuka kwa habari za mafao ya wastaafu, lakini hiki hakimdhulumu mtu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani walitoa mwongozo mwaka 2016, wakaupitia upya 2021, na humo mna orodha ya maswali. Kila jibu lina alama zake. Ukipata 0 mpaka 3, hatari yako ni ndogo, 3.5 mpaka 6 ni ya kati. Ikizidi 6, unashauriwa usifunge. Swali moja ni saa za saumu: je, zinafika 16? Kwa Mwislamu wa Ulaya ya Kaskazini Ramadhani ikiangukia kiangazi hilo ni swali zito. Sisi tulio karibu na ikweta tunafunga saa 13 na kitu, mwaka huu na mwaka kesho, kwa hiyo hapo mama hakuongezewa alama.

Mwongozo huo huo unasema kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) mtu afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakia dakika kumi. Mama hakuyajua yote mawili. Miaka yote alikuwa anakiweka kipimo chake kabatini tangu mwezi uandame mpaka Idi, akiona damu itamharibia funga. Yaani alikuwa akiacha kupima mwezi ule ule ambao kupima kunahitajika zaidi.

Je, daktari hawezi kuyahifadhi yote haya kichwani? Baadhi anaweza. Lakini alama zenye nusu ndani yake, zinazojumlishwa kwa mgonjwa mmoja huku arobaini wapo nje kwenye benchi, zinataka chombo. Kwenye duka la rejareja hatumshangai mtu kutumia mizani. Anayekupimia sukari kwa macho ndiye unayemshuku.

Vikokotoo vya namna hiyo viko vingi. MDCalc, iliyoanza 2005, ni tovuti ya bure iliyojaa hesabu tupu: jinsi figo zinavyochuja, uzito wa kichomi, mgonjwa aliyepoteza fahamu yuko kiwango gani. Iko nyingine dada anaifungua karibu kila siku, LactMed, ya taasisi za afya za serikali ya Marekani. Kazi yake ni moja: mama ananyonyesha, dawa hii itapita kwenye maziwa au haipiti, na ikipita mtoto atadhurika au la. Zamani jibu la salama lilikuwa "acha kunyonyesha kwanza," na watoto wengi wameachishwa ziwa bure kwa jibu hilo.

Sasa tuingie kwenye mlango mzito kidogo, PubMed. Jina hili watu wamelisikia kwenye WhatsApp bila ya kujua ni nini. Ni katalogi. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 1996, haina ada, na ndani yake zimeorodheshwa makala za tiba na sayansi zaidi ya milioni 35. Mara nyingi utakachokiona ni muhtasari wa makala. Makala nzima huenda iko kwa mchapishaji, na mchapishaji huenda anataka dola.

Faida yake naieleza kwa jambo la huku kwetu. Machi 2024, Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, wengine 78 wakalazwa. Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021 watu 7 walikufa hapa hapa Pemba kwa nyama hiyo hiyo. Mfikirie daktari wa zamu anapoletewa kijiji kizima kwa usiku mmoja. Chuoni alisomeshwa malaria, presha na kipindupindu kwa wiki nzima nzima. Sumu ya kasa, kama ilitajwa, ilipita kwa sentensi.

Kwenye PubMed sumu hiyo ina jina lake, limetengenezwa kutokana na neno la Kigiriki la kasa. Ukitafuta kwa neno la kawaida unamwagiwa makala za mayai, nyavu na watalii. Ukiliandika jina la kitaalamu zinatoka ripoti chache za Madagaska, India, Ufilipino, na ndani ya ripoti hizo yamo yanayohitajika usiku ule: kupika hakuiondoi sumu, dawa ya kuiua haipo, mgonjwa anasaidiwa pumzi na maji mpaka mwili wenyewe ushinde, na mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama, ingawa yeye nyama hakuionja. Hilo la mwisho linamfanya daktari amgeukie mwanamke aliyelazwa amwulize, "Una mtoto mchanga nyumbani?" Hapo simu imefanya kazi kwa sababu aliyeishika alijua neno la kuandika. Ujuzi wa kujua uulize nini haumo ndani ya simu.

Lakini PubMed hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kutupumbaza. Mtu anauza mafuta ya habasoda, anaandika chini ya tangazo: "Imethibitishwa PubMed." PubMed haithibitishi kitu. Inaorodhesha. Jina la mtoto kuwemo kwenye daftari la mahudhurio la skuli maana yake ni kwamba mtoto alifika. Kafaulu au kafeli, daftari halisemi. Habasoda imeandikiwa makala nyingi kweli, na ukizifungua utaona baadhi zilifanywa kwa panya, nyengine kwa chembe ndani ya chupa, nyengine kwa watu wachache kwa wiki chache. Simkatazi mtu habasoda, mie mwenyewe natia kwenye mkate. Namkataza kuacha vidonge vya presha kwa sababu ya daftari la mahudhurio.

Hapa linakuja swali ambalo ndilo gumu katika jambo zima, na jibu lake bora lilitoka Pemba. Utafiti mmoja ukisema jambo, je, daktari alifuate?

Upungufu wa damu kwa watoto wadogo ulikuwa, na bado ni, tatizo kubwa la visiwa hivi. Ushauri wa dunia ulikuwa mwepesi: wape madini ya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikuja Pemba, kwenye maabara ya afya ya jamii iliyopo Wawi, wakafanya jambo kubwa. Zaidi ya watoto 24,000 wa chini ya miaka mitatu waligawanywa kama kwa kura. Wengine walipewa chuma na foliki asidi, wengine wakaongezewa zinki, wengine wakapewa kidonge kitupu kisichokuwa na dawa. Kura ni muhimu, kwa sababu bila ya kura mama mwenye uangalifu ndiye atakayekuja kuchukua dawa, kisha tutasema dawa imemkuza mtoto kumbe ni uangalifu wa mama. Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la Lancet, yalionesha kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa mkubwa kwa asilimia 12 kuliko waliopewa kidonge kitupu. Dawa ya kuongeza damu, iliyotolewa kwa kila mtoto bila ya kupima, mahali penye malaria nyingi, ilidhuru.

Dunia ilishtuka. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake. Watoto wa Micheweni, Wete, Chake na Mkoani walikuwa wameiuliza dunia swali ambalo haikuwa nalo. Ukimkuta daktari wa Brazil anasoma habari hiyo kwenye simu yake, anasoma habari za Pemba.

Sasa, mzazi akisoma muhtasari huo leo peke yake, atatupa dawa ya damu ya mtoto wake. Na atakosea. Ndani ya utafiti ule ule kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa na kutibiwa malaria mapema. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Ndipo unapohitajika mlango mwengine, Cochrane. Jumuiya hii ilianzishwa 1993, ikapewa jina la Archie Cochrane, daktari wa Uskochi aliyewalaumu wenzake kwa kutokaa kitako wakajumlisha majaribio yote yanayofanywa. Kazi yake ndiyo hiyo: wanachukua swali moja, wanakusanya majaribio yote yenye sifa, wanaangalia lipi limefanywa vizuri na lipi hovyo, wanayapima pamoja, na fedha za makampuni ya dawa hawachukui. Ni pepeteo. PubMed inakuletea gunia lenye chuya na mawe. Cochrane inakuletea mchele.

Kuhusu chuma na malaria, mapitio ya Cochrane ya 2016 yalijumlisha majaribio 35 ya nchi mbalimbali, lile la Pemba likiwemo. Walichokiona ni kwamba chuma hakimzidishii mtoto malaria pale ambapo huduma za kukinga na kutibu malaria zipo na zinafanya kazi. Kwa hiyo jaribio la Pemba halikusema uongo. Lilisema kweli ya mahali pasipokuwa na kinga ya kutosha kwa wakati ule. Vyandarua vikaja, upigaji dawa majumbani ukaja, malaria ya Zanzibar ikashuka sana, na jibu la swali lile lile likawa jengine. Dada hupenda kusema utafiti una anwani na tarehe, kama barua.

Baada ya mchele kuna chungu cha nyumbani kwako, nao ni mwongozo wa matibabu wa nchi. Wengi hapa huteleza, hata baadhi ya madaktari wageni wanaoshuka na boti ya asubuhi. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya na ina ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa. Bara wana wizara yao na TMDA yao. Ukitafuta "matibabu ya malaria Tanzania" utaangukia zaidi kwenye mwongozo wa Bara, na dawa utakayoikuta ni artemether na lumefantrine, ile waliyoizoea watu kwa jina la dawa mseto. Zanzibar ilihama kutoka kwenye klorokwini mapema, mwaka 2003, na ikachagua mseto mwengine, artesunate na amodiakwini. Mbu ni yule yule, vidonge mbali. Hakuna aliyekosea; kila upande ulipima dawa zake, wadudu wake na mfuko wake. Lakini mtu aliyejitibu kwa ukurasa wa kwanza wa Google, akaingia duka la dawa Unguja kugombana na muuzaji kwamba anamuuzia dawa siyo, alikuwa na mwongozo sahihi wa ng'ambo ya bahari.

Kwa hospitali za shamba dada anausifu pia mwongozo wa Madaktari Wasio na Mipaka. Ni wa bure, umeandikwa kwa ajili ya mahali pasipo na mashine za bei kubwa, unapakuliwa kwenye simu na kufunguka bila ya mtandao. Upo na wa Kiarabu, jambo linalowasaidia waliosomea Misri na Sudan.

Nani analipa? Swali hilo lipige kila tovuti. UpToDate, iliyoanza 1992, inapendwa na madaktari dunia nzima kwa sababu wataalamu wameshakusomea, wamekuandikia, na wanaendelea kusahihisha. Ada yake kwa mtu mmoja ni mamia ya dola kwa mwaka, mshahara gani huo. Medscape ni ya bure, unajisajili tu, lakini bure yake inalipwa na matangazo, mengi ya makampuni ya dawa, na daktari mwerevu anaisoma akijua hivyo. Kisha ipo Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji ulioanza 2002, unaofungua maelfu ya majarida ya kulipia kwa nchi zenye kipato kidogo. Kinachosajiliwa ni taasisi, hospitali au chuo, siyo daktari mmoja mmoja. Nimekutana na daktari kijana aliyekuwa akilipia makala kwa kadi ya shemeji yake wa Muscat, na taasisi yake ilikuwa imesajiliwa siku zote. Nywila ilikuwa kwa mtu wa maktaba, ndani ya droo, kwenye karatasi.

Kwa hiyo kauli kwamba cha kulipia ndicho cha kweli haisimami. LactMed ni bure, Cochrane muhtasari wake ni bure, mwongozo wa wizara ni bure. Na vipo vya kulipia ambavyo ni takataka zenye nembo nzuri.

Akili mnemba nayo inaulizwa sana siku hizi. Niseme kwa ufupi: zile programu za kuzungumza nazo ni hodari wa kupanga maneno, na zikikosa rejea zinaweza kuitunga, na jarida lake na mwaka wake, kwa sauti ile ile ya kujiamini. Dada anazitumia kupata njia, kisha anakwenda PubMed kuangalia kama makala iliyotajwa ipo. Mara mbili mbele yangu haikuwepo.

Daktari pia ana nyumba, na simu yake haiishii hospitalini. Ya dada ina mafungu mawili, Kazi na Nyumbani, na mafungu hayo nilimpangia mie baada ya kisa cha aibu. Usiku mmoja alitaka kumtumia bingwa wa Unguja picha ya eksirei ya kifua, haina jina, apate rai yake. Akaituma kwenye kundi la ukoo. Shangazi yetu wa Tanga akawa wa kwanza kujibu: "Mbavu za nani hizi, mwanangu?" Wengine wakaanza kuomba dua. Jina halikuwepo, tukashukuru, lakini tangu siku ile picha za wagonjwa hazipiti WhatsApp. Kundi la WhatsApp si tovuti, si kabati, na halina ufunguo.

Fungu la Nyumbani lina vitu ambavyo mtu wa Bara huenda akacheka. Jedwali la maji kujaa na kupwa, kwa sababu mama bado ana kamba zake za mwani na bamvua halimngojei mwenye zamu. Dada akijua maji yanatoka saa ngapi anajua saa ngapi nyumba itakuwa haina mtu wa kumwangalia mtoto. Ratiba na tiketi za boti ya Mkoani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, ambayo Mpemba anaisoma kwa moyo tofauti tangu MV Spice Islander izame Septemba 2011 ikija huku. Kabla ya kumpa mgonjwa rufaa ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, dada anaifungua na hiyo, kwa hiyo mstari baina ya kazi na nyumbani haukunyooka kama nilivyoupanga. Kuna tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania kwa ajili ya mpwa wetu wa kidato cha nne. Na kuna saa za sala, maana wodi haina madirisha ya kuonea jua.

Kitu kimoja zaidi nilichomwekea ambacho nadhani kila daktari wa visiwani angekuwa nacho: Kiwix. Ni programu ya kubebea tovuti nzima mfukoni. Unapakua mkusanyo wa makala za tiba za Wikipedia mara moja, ukiwa na mtandao mzuri, kisha unazisoma bila ya mtandao. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu, intaneti ililegea nchi nzima. Na watu wazima hapa wanaikumbuka Unguja ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme kwa hitilafu ya waya wa baharini. Daktari mwenye kila kitu mtandaoni, siku waya ukikatika, ana kioo cheusi tu. Dada bado ana daftari lake la chuo lenye jalada lililochanika. Yuko sahihi.

Mama alitoka na alama za kati. Kijana yule alimbadilishia saa za vidonge, akamwambia apime mara kadhaa kwa siku, daku achelewe kulila, na akihisi kutetemeka na jasho la baridi apime, asijikaze. Haya yote mama aliyaeleza mwenyewe, kwa mpangilio, siku nne baada ya kununa. Simu hakuitaja.

Mwezi 29 alasiri tulikuwa uani. Akamwita dada. "Hebu iangalie hiyo simu yenu. Mwezi unaonekana leo?"

Dada akafungua tovuti ya mambo ya anga, akamsomea: jua linatua baada ya saa kumi na mbili jioni, mwezi utakuwa umebaki juu kidogo tu, huenda jicho lisiuone, na vyovyote itakavyokuwa, wa kutangaza ni Ofisi ya Mufti.

Alipoinua kichwa mama hakuwepo. Alikuwa ameshavuka ua, amesimama karibu na mkarafuu, kipimo cha sukari kimetuna kwenye mfuko wa gauni lake, anatazama magharibi.